Mishono kwa Nje

Jumanne, 6 Januari

Amepasi! Binti yangu amepasi, ni daktari! Si daktari wa kudunga sindano, ni daktari wa vitabu, yule anayewafundisha hao wadungaji. Amepiga simu saa tano asubuhi nikiwa na pini tatu mdomoni. Nikazitema zote kwenye gauni la mteja nikapiga kigelegele mpaka muuza viatu wa ng'ambo ya barabara akatoka na kiatu kimoja mkononi, akidhani panaungua.

Haya, daftari, hujambo. Samahani kwa kuingia bila hodi. Wewe ni daftari langu la vipimo, na mbele yako mna viuno na mabega ya nusu ya mtaa huu. Kurasa za nyuma zilikuwa zinakaa bure tu, kuanzia leo ni zangu mwenyewe. Jambo kubwa namna hii haliwezi kukaa kichwani peke yake. Kichwa changu kiliishia darasa la saba, nafasi ni ndogo.

Amesomea seli. Nimeshika hivi: mwili wa mtu umejengwa kwa vijumba vidogo visivyohesabika, na yeye anachunguza jinsi vijumba hivyo vinavyoshikana mpaka vikawa ngozi, vikawa moyo, vikawa utumbo. Jirani yangu, ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Redio kwa sababu hazimwi, kaniuliza, "Sasa udaktari huo wa kazi gani?"

Nikamwambia, "Umewahi kujiuliza kwa nini ukiinuka kitini humwagiki sakafuni kama uji? Binti yangu ndiye anayejua."

Akanyamaza. Naandika hapa ili iwe ushahidi: Mama Redio alinyamaza.

Na si hilo tu. Mwanangu wa kiume, dereva wa gari la mikate, mke wake anajifungua wiki hii. Wanakaa vyumba viwili nyuma ya karakana yangu, kwa hiyo mjukuu wangu wa kwanza atalala akisikia cherehani. Gauni lake la kwanza nimeshalikata: melimeli nyeupe, lesi shingoni, mpira mikononi na kiunoni, mshono mara mbili. Mishono yangu haifumuki. Nguo zangu mtu hurithi.

Jumapili, 11 Januari

Mume wangu kafika! Kilo tatu na robo, paji la uso ni langu hili hili, na sauti nayo ni yangu. Nimemwambia, "Karibu, mume wangu, umechelewa, nimekaa ujane miaka tisa." Nesi akacheka mpaka akakosea kuandika saa.

Mkwe wangu kaniambia polepole, "Mama, ana malengelenge mawili kwenye kisigino."

Nikamwambia ni joto. Wanangu wote wawili walitoka vipele kwenye joto kama hili na leo mmoja ni daktari. Mkwe wangu ni binti mzuri, sina neno naye, ila ni mtu wa wasiwasi. Anashika kila kitu kana kwamba ni cha kuazima. Hata kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili.

Jumatatu, 12 Januari

Joto. Nimemaliza lesi.

Jumanne, 13 Januari

Wametoka hospitali. Malengelenge mengine mapajani, pale nepi inapoishia. Nikasema ni sabuni. Mkwe anataka kumrudisha mtoto hospitali leo leo. Nikamwambia, "Kesho, mwanangu. Kwanza avae gauni lake tumpige picha, tumtumie shangazi yake. Hospitali haihami."

Jumatano, 14 Januari

Sijui nianzie wapi.

Saa tatu asubuhi nilimvalisha mjukuu wangu gauni. Alilia. Nikasema ana mapafu huyu, atakuwa mnadi. Mkwe akasema, "Mama, labda tuliache." Nikamwambia gauni ni dakika tano. Mwanangu kapiga picha, nami nikamtoa mlangoni ili Mama Redio aone lesi. Nilimshika chini ya makwapa nikamwinua juu, hivi, kama kombe la mpira. Nilifanya hivyo kwa mikono yangu hii.

Zilipita dakika kama ishirini. Akawa halii tena kwa sauti, analia kwa pumzi. Tukamvua. Mkono wa gauni ulipotoka ukatoka na ngozi. Mpira ulikuwa umekaa pale kwenye kifundo cha mkono, na ngozi ikafuata mpira kama utando wa maziwa ya moto unavyofuata kijiko. Kiunoni vile vile. Na kwenye makwapa, pale vidole vyangu vilipokuwa, palikuwa na vidole vyangu. Vinne kila upande.

Mkwe wangu hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga. Na hili naliandika kwa sababu nimeanza kuandika: nilimgeukia, Mama Redio akiwa mlangoni, nikamwambia, "Umemfanya nini mtoto? Ni kucha zako hizo!"

Kucha zake zimekatwa mpaka nyamani. Alizikata tangu mimba ilipokuwa ya miezi minane.

Alichukua mto, akautelezesha chini ya mtoto taratibu, akamwinua na mto wake, akatoka kumfuata mumewe garini. Walimpeleka hospitali kwenye gari la mikate. Gauni liko mezani. Nimelikagua. Hakuna hata uzi mmoja uliofumuka.

Alhamisi, 15 Januari

Wamemlaza. Sijashona.

Jumamosi, 17 Januari

Daktari wa ngozi kaja, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kasema mtoto kazaliwa na ngozi isiyoshikana. Kitu kidogo tu, nguo, kidole, plasta, kinatosha kuitenganisha. Juzi walibandika plasta kushikilia mpira wa dripu, na walipoibandua nesi aliyebandua akatoka nje kulia. Sasa wanafunga kwa shashi tu, bila gundi.

Nikamwambia, "Ngozi isiyoshikana? Basi umefika pazuri, daktari. Binti yangu ndiye bingwa wa mambo hayo hayo!"

Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Kama mtu anayemwona mtoto akikimbilia mlango wa kioo.

Nikampigia binti yangu palepale. Nikamweleza yote.

"Mama," akasema, "wamechukua kipande cha ngozi kukipima?"

"Wamechukua. Wewe njoo na dawa."

"Nitakuja, mama. Ninaomba ruhusa kazini. Wakati huo nifanyie kitu kimoja. Kila siku hesabu malengelenge mapya. Mapya tu. Uandike."

Basi ninaandika. Leo mapya: 14.

Jumapili, 18 Januari

Mapya: 11. Mtaa mzima unajua binti yangu analeta dawa. Nani kawaambia? Mimi. Nimewaambia wateja, nimemwambia muuza viatu, nimemwambia hata mtu aliyekuja kuuliza njia.

Mama Redio kaniuliza ugonjwa umetoka wapi. Nikamjibu, "Sisi kwetu kitu hicho hakipo." Nilijua anavyotangaza. Nilijua kabisa.

Jumatano, 21 Januari

Mapya: 16. Joto limezidi, na nesi kasema joto na jasho ni adui zake wakubwa. Wadi ina feni mbili, moja inazunguka.

Alhamisi, 22 Januari

Mapya: 17.

Jumamosi, 24 Januari

Mapya: 12. Mkwe wangu hanisemeshi zaidi ya "Shikamoo, mama" na "Ndiyo, mama." Nadhani redio imemfikia.

Jumanne, 27 Januari

Mapya: 19. Wingu lilikuja saa nane, likatutazama, likaenda zake.

Ijumaa, 30 Januari

Binti yangu kafika. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba kakonda. La pili, hana begi la dawa. Ana mkoba mmoja wa mgongoni, na ndani mna kompyuta na kanga mbili.

Watu walikuwa wamejaa karakana kumpokea. Muuza viatu kavaa tai. Mama Redio kamwita "Daktari" mara sita kabla hajakaa. Binti yangu aliwasalimu wote vizuri, shikamoo kwa wakubwa, kisha akasema, "Naomba nimwone mtoto."

Wadini alinawa mpaka viwiko, akasimama pembeni ya kitanda. Nilimtazama yeye, sikumtazama mtoto. Miaka yote hii nilijua siku moja nitamwona binti yangu kazini. Alisimama mikono yake ikiwa imeinuka kidogo hewani, vidole wazi, kama mtu aliyefika mlangoni akakuta hakuna kitasa. Kisha mkwe wangu akamwambia, "Wifi, ukimgusa, gusa kwa kiganja kilicholala. Usiburuze. Weka, kisha ondoa." Akafanya hivyo. Akaweka, akaondoa.

Jioni, kabla ya giza, tulibaki wawili karakana. Nikamuuliza, "Dawa iko wapi?"

Akachukua chaki yangu ya kukatia, akachora juu ya meza. Alichora vijumba, kimoja kando ya kingine, kama vigae. "Hii ni ngozi, mama. Kila kijumba kina vifungo pembeni, na vifungo vya kijumba hiki vimeshika vifungo vya jirani yake. Pande zote."

"Kama shati."

"Kama shati. Lakini kifungo peke yake hakishiki kitu. Ndani ya kijumba kuna nyuzi, zimetandazwa kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine, na zimefungwa kwenye vile vifungo. Ndizo zinazokipa kijumba umbo. Ukivuta ngozi hapa," akavuta ngozi ya mkono wangu, "nguvu haibaki hapa. Inapita kwenye uzi, inaingia kwenye kifungo, inapokewa na jirani, naye anampa jirani yake. Wanagawana maelfu kwa maelfu. Ndiyo maana huchaniki."

"Na mume wangu vifungo vyake vimekatika."

"Hapana, mama. Vifungo vyake ni vizima kabisa. Nyuzi za ndani ndizo mbovu. Zinavunjikavunjika, zinajikunja vibonge. Akivutwa kidogo, kijumba chenyewe kinapasuka katikati, na maji yanajaa pale. Ndilo lengelenge."

Hapo nilielewa. Niliielewa vizuri kuliko nilivyotaka, na Mungu ananiona. Nimeshona miaka thelathini na nane. Kifungo ukikishona kwa uzi wa nguvu kwenye kitambaa kilichochoka, kifungo hakidondoki. Kinaondoka na kipande cha shati.

Nikamwambia, "Basi tia kiraka."

"Kiraka?"

"Kitambaa kikiwa dhaifu unaweka kiraka kwa nyuma, ndipo unashona kifungo juu yake. Mwanafunzi wa wiki mbili anajua. Weka kiraka huko ndani."

Akacheka. Kisha ule uso wa kucheka ukabadilika bila kuondoka. "Mama, hicho kiraka ndicho sote tunachokitafuta. Dunia nzima. Hakuna aliyekipata bado. Naweza kukuchorea mahali kinapotakiwa kukaa. Kumwekea siwezi."

Nami nikasema, "Basi miaka yote hiyo ulisoma nini?"

Aliiweka chaki mezani, polepole, kama inayoweza kuvunjika. Akaenda kulala.

Mapya: 18.

Jumamosi, 31 Januari

Mapya: 15. Yuko wadini tangu asubuhi. Kanisalimu vizuri. Afadhali angeninunia.

Jumatatu, 2 Februari

Kaondoka, ruhusa ya kazi imekwisha. Amechukua damu kidogo ya mtoto, ya baba na ya mama, ili wenzake wapime kosa liko wapi. Nilimfungia maandazi. Aliyachukua. Kwenye kituo cha basi nilitaka kusema neno, dereva akapiga honi.

Mama Redio aliponiona narudi peke yangu kasema, "Ndiyo hivyo, kinyozi hajinyoi."

Nikamwambia atoke kwenye kivuli cha karakana yangu. Akatoka.

Mapya: 17.

Ijumaa, 6 Februari

Leo nimejifunza kwamba lengelenge haliachwi. Likiachwa maji yanasukuma, linatanuka, ngozi inaendelea kuachana. Lazima litobolewe kwa sindano safi, maji yatoke, na ile ngozi ya juu iachwe palepale iwe paa.

Nesi akasema, "Bibi ni fundi cherehani, si ndiyo? Basi sindano ni mwenzako."

Nikacheka naye. Nikashika sindano. Mimi niliyetunga uzi kwenye tundu tangu nikiwa na miaka kumi na minne, nikiwa nimefumba macho, kwa mashindano. Mkono ukatetemeka. Nikaushika kwa mkono wa pili, ukatetemeka nao. Lengelenge lenyewe lilikuwa kwenye kidole chake cha gumba, kubwa kuliko kidole.

Mkwe wangu akasema, "Lete, mama." Akaichukua. Akapiga magoti, akazuia pumzi, akatoboa upande wa chini ili maji yashuke yenyewe. Akakausha kwa kugusagusa. Kumi na tatu, moja baada ya jingine, na kila moja alimwambia mtoto, "Pole, baba. Pole, baba."

Anamshika kana kwamba ni wa kuazima. Kumbe ndivyo anavyotakiwa kushikwa, na mimi mwenye mikono ya mwenye mali ndiye niliyemchuna.

Mapya: 13.

Jumatatu, 9 Februari

Mapya: 20. Joto.

Jumatano, 11 Februari

Mapya: 22. Mtoto ana moto.

Alhamisi, 12 Februari

Sikuhesabu.

Ijumaa, 13 Februari

Sikuhesabu. Kidonda cha kiuno, kile cha mpira wa gauni, kimeingiwa na vijidudu, na vijidudu vimeingia kwenye damu. Hakuna mahali pa kupitisha sindano ya dawa. Kila wanapogusa panachubuka. Wamepata mshipa mmoja kichwani, kwenye lile paji la uso langu.

Wametutoa nje. Tumekaa kwenye benchi la korido sisi watatu. Mwanangu anazungusha funguo za gari. Nilimwambia aache, akaacha, kimya kikawa kibaya zaidi, nikamwambia azungushe.

Sijawahi kukaa saa nzima bila kitu mikononi. Nimekaa tano. Maisha yangu yote, mtu akija na shida ninaweza kufanya kitu. Imechanika, nitashona. Imebana, nitaachia. Imepwaya, nitapunguza. Haifai tena, nitageuza iwe foronya. Leo nimekaa na mikono yangu mapajani kama nguo za mteja aliyehama.

Mkwe wangu aliinuka kwenda msalani, na aliporudi alikaa upande wangu. Nami nilikuwa na maneno mengi, yale ya kucha, yale ya "kwetu hakipo." Yote yakakataa kutoka. Nikamwambia, "Umekula?"

"Sijala, mama."

"Mimi pia."

Basi.

Jumapili, 15 Februari

Bado. Binti yangu anapiga simu kila baada ya saa mbili, anauliza, nasema bado. Anasema, "Haya, mama." Yeye na elimu yake yote na mimi na darasa langu la saba, tumelingana: yeye anasema haya, mimi nasema bado.

Jumanne, 17 Februari

Moto umeshuka. Kanyonya. Kidogo, lakini kanyonya.

Jumatano, 18 Februari

Mapya: 16. Sikuwahi kufikiri nitashukuru kwa kumi na sita.

Leo nesi kamvalisha fulana ya hospitali ndani nje. Nikasema, "Sista, umeigeuza." Ni ugonjwa wangu, siwezi kuona mshono nje nikanyamaza. Bwana aliyenifundisha kazi alikuwa akiona uzi mmoja nje anakuchapa vidole kwa rula.

Nesi akasema, "Nimeigeuza makusudi, bibi. Mshono ukiwa ndani unamsugua."

Nikakaa chini.

Mkwe wangu akaugusa ule mshono wa nje. Akasema, "Mama, mshonee."

"Mimi? Baada ya lile gauni?"

"Kwani kuna fundi mwingine hapa?"

Alhamisi, 19 Februari

Nimefungua sanduku la marehemu mume wangu. Yule wa kwanza, si huyu mdogo. Mashati yake matatu ya pamba, yamefuliwa miaka mpaka yamekuwa laini kama ulimi. Nimeyakata. Sikuwa nimeyagusa tangu siku tuliyomzika.

Hakuna mpira. Hakuna lesi. Hakuna zipu wala kifungo kimoja. Nguo inafunguka yote kama bahasha ili asiinuliwe, alazwe juu yake tu kisha ifunikwe, ifungwe kwa tepe pana lililo mbali na mwili. Na mishono yote kwa nje. Niliposhona wa kwanza mkono ulinikataa, ulikuwa unageuza kitambaa wenyewe. Nimekiambia kitambaa, utulie. Kumbe nauambia mkono.

Nimekata upande mmoja tu wa meza. Upande wa pili kuna ile michoro ya chaki. Sijaifuta.

Jumamosi, 21 Februari

Mapya: 12. Kwenye kiuno na mikono: hakuna. Nesi kaomba nguo tano nyingine, kuna mtoto aliyeungua wadi ya pili.

Jumanne, 24 Februari

Majibu ya damu yametoka. Binti yangu kapiga simu akaniomba niweke sauti juu ili kaka yake na wifi yake wasikie.

"Kasoro haikutoka kwa baba," akasema. "Haikutoka kwa mama. Wote wawili damu yao haina kosa hilo. Mtoto anapoumbwa, maelekezo yake yote yananakiliwa, herufi kwa herufi, mamilioni kwa mamilioni. Herufi moja imekosewa. Moja tu. Hakuna mtu aliyefanya."

Mwanangu kafunika uso kwa kofia yake ya kazini.

Nilimgeukia mkwe wangu. Safari hii sikungoja maneno yapangike. Nilisema, "Nilikusingizia kucha. Nikamwambia Mama Redio ni kwenu. Nilisema nikijua litakufikia."

Akasema, "Najua, mama."

"Nilitaka liwe kosa la mtu."

"Hata mimi," akasema. "Mimi nilikuwa nasema ni gauni."

Tukatazamana. Sijui nani alianza kucheka. Kicheko kibaya, cha machozi na kamasi, mpaka nesi akaja kutunyamazisha.

Mapya: 10.

Jumanne, 3 Machi

Mvua! Imepiga bati la karakana kama mtu anayedai. Nimesimama mlangoni nikalowa makusudi. Hewa imepoa papo hapo.

Jumatano, 4 Machi

Mapya: 7.

Jumamosi, 7 Machi

Mapya: 5. Nguo zake hazikauki kwa mvua hii, nazianika juu ya cherehani, karakana imekuwa kama duka la bahasha.

Jumanne, 10 Machi

Mapya: 4. Kanichekea leo. Usiniambie ni gesi, najua gesi.

Jumamosi, 14 Machi

Daktari wa ngozi katuita wote. Kasema tumpeleke nyumbani.

Nikasema, "Kapona?"

Akavua miwani yake yenye uzi. "Hapana, bibi. Hatuna la kumfanyia hapa ambalo mama yake hawezi kulifanya nyumbani, na nyumbani hakuna vijidudu vya hospitali. Watoto wengine wa aina yake wakikua ngozi huimarika kidogo. Wengine hapana. Mwaka wa kwanza ndio mgumu."

"Mgumu kiasi gani?"

Alinijibu. Sitaliandika.

Jumatatu, 16 Machi

Nimekwenda mwenyewe kwa Mama Redio. Nikamwambia, "Dawa haipo. Binti yangu hakuja na dawa kwa sababu haijatengenezwa. Mimi ndiye niliyetangaza isiyokuwepo. Na ugonjwa haukutoka kwa mkwe wangu. Tangaza hiyo, tena kwa sauti ya juu."

Nilitegemea aseme neno lake. Akanitazama, akanivutia kigoda. "Kaa kwanza," akasema. "Umelowa." Kisha akaniuliza, "Sasa huyo mtoto anashikwaje? Nifundishe, nisije nikamuumiza." Nikamwonyesha kwa mto wake na kopo la sukari. Akaliinua kopo mara nne, mikono miwili imelala, ulimi umetoka pembeni kama mtoto anayeandika.

Jumanne, 17 Machi

Mapya: 3. Nimempigia binti yangu.

"Ile siku ya chaki," nikamwambia.

"Siku gani, mama?"

"Unaijua."

"Naijua."

"Nilisema neno la kipumbavu."

"Mama, hata mimi huwa najiuliza hilo hilo. Kila siku tangu nimwone." Akavuta pumzi. "Michoro umeifuta?"

"Sijaifuta. Nakata upande mmoja. Wateja wananiuliza ni mtindo gani huo."

"Unawajibu nini?"

"Nawaambia ni ngozi ya mume wangu, na aliyeichora ni binti yangu, daktari. Kama atakuja mtu mwenye kiraka, aonyeshwe mahali pa kukiweka."

Nimesikia anapenga kamasi. Kasema anapanda basi la Ijumaa.

Jumatano, 18 Machi

Mapya: 4. Jana matatu, leo manne, sina ninachoweza kukifanya juu ya hilo moja.

Nimeshona mchana kutwa. Nguo zake ni nane sasa. Nimeshona pia blauzi yangu ya siku ya kumpokea, mishono yote nje, mabega, kwapa, pindo, kila mtu auone ufundi wangu tumbo wazi. Muuza viatu kaniambia, "Fundi, umevaa kinyume." Nikamwambia ngoja, utaona mume wangu mdogo kavaaje.

Wanaleta mtoto nyumbani. Nimemwambia Mama Redio awaambie watu, na ukishamwambia yeye hakuna haja ya barua. Waje wote, wa mtaa, wateja, wale niliowadanganya kuhusu dawa, hasa hao. Wakifika wanawe mikono mpaka viwiko, beseni litakuwa mlangoni. Saa, bangili na pete zibaki kwenye kopo langu la vifungo. Hakuna kubusu, hakuna kumwinua kwa makwapa, hakuna anayesema ugonjwa umetoka kwa nani. Atakayetaka kumgusa atamwuliza mama yake, na mama yake atamwonyesha: weka, kisha ondoa.

Ni Jumamosi hii, tarehe ishirini na moja, saa nne asubuhi.